Jina la Kwanza kwenye Barua ya Wabanguaji

Mbele ya duka la Mukesh, hapa Kibiti mjini, upande ule ambako mabasi ya Kusini hupunguza mwendo, kuna benchi la mbao linaloitwa Rufaa. Limepata jina hilo kwa tabia za wenyewe wanaolikalia. Jambo lolote likishaamuliwa kwingine, iwe mahakamani, kwenye kikao cha harusi au uwanja wa mpira, wao hulifungua upya baada ya swala ya Alasiri na kulitolea hukumu nyingine kabla ya Magharibi. Mashaka muuza kahawa huja na birika lake, jiko la makaa na sahani ya kashata, akilitua tu jiko chini ya upenu wa duka, kikao kimeanza. Alhamisi hiyo walikuwepo watu wale wale wa siku zote, na wa mwisho kufika alikuwa Zaidi, ametoka kazini moja kwa moja, shati la kiwanda limemganda mgongoni kwa mvuke. Alikaa pembeni kabisa, pale ubao ulipopasuka na pasipopendwa na mtu, kwa sababu alijua wanazungumza nini na hakutaka kuulizwa.

Walikuwa wanazungumza barua. Mji mzima ulikuwa unaizungumza. Wanawake sitini na wawili wanaobangua korosho kwenye kiwanda kile cha pembeni ya mji walikuwa wameandika kudai vitu viwili, glavu na mikataba. Wengine wamebangua pale miaka kumi bila kipande cha karatasi kinachosema kwamba ni wafanyakazi. Majina hawakuyaandika. Kila mmoja aligonga dole gumba chini ya barua, madole yakapangwa duara kama sahani, ili asionekane wa kwanza wala wa mwisho. Nakala moja ilikwenda kwa meneja, nyingine kwa afisa kazi.

Jumatano meneja akaibandika ya kwake kwenye ubao wa matangazo. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba haya si madole ya watu sitini na wawili, ni ya mtu mmoja aliyekaa akagonga mara sitini na mbili, maana hakuna hata moja lenye mistari. Na kwa kweli, ukisogea kutazama, hukuwa na la kumbishia. Yalikuwa mabaka ya wino tu, yote sawasawa, kama mtu aliyechovya kijiko akagonga. Afisa kazi alikuwa mstaarabu zaidi. Alipiga simu akasema Ijumaa saa tatu asubuhi atafika kiwandani, ila aletewe majina, kwa kuwa bila jina hana wa kumwita mezani. Kwa hiyo ilikuwa imebaki jioni hiyo moja.

Haidari ndiye aliyefungua kesi. Huyu zamani alikuwa dereva wa lori la korosho, na wenzake wanamwita Redio kwa sababu hazimiki.

– Ni wino, alisema. Wino feki. Mchina gani sijui kautengeneza, unagonga dole linatoka baka. Na wino ule umenunuliwa hapa hapa.

Mukesh alikuwa ndani anapima sukari. Alitoka na kijiko chake mkononi, miwani imemteremka puani. Mukesh kazaliwa Kibiti, baba yake kazaliwa Ikwiriri, na hasira zake ni za hapa hapa.

– Redio, alisema, mie kwangu mchele wangu ukiwa na mawe nakubali. Wino wangu usiutukane.

Akarudi ndani, akaja na kidau kile kile cha wino alichowakopesha wanawake, akachana kipande cha boksi la sabuni akakiweka juu ya benchi. Akagonga yeye mwanzo. Dole likatoka limenyooka, mistari yote unaihesabu. Akamshika Haidari mkono akamgonga. Safi. Mashaka akagonga, lake likatoka hadi na kovu la kuunguzwa na birika. Mukesh akageukia pembeni ya benchi.

– Bado wewe, Zaidi.

Zaidi aligonga kwa kuwa kukataa kungeleta maswali. Dole lake lilitoka vizuri kuliko ya wote. Yeye kazi yake ni chumba cha kuchemshia, anashughulika na moto na maji, ganda la korosho haligusi. Aliitazama ile mistari yake mizima, akaona aibu, akafuta kidole kwenye suruali mara tatu ingawa wino ulikwisha kutoka.

Maana wazo la madole lilikuwa lake. Wiki mbili nyuma wanawake wanne walikuja nyumbani kwake jioni, wakakaa na mkewe Mwanawetu, mbanguaji mwenzao, kwenye mkeka, na yeye aliyekuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi wakati wa mgomo, miaka saba iliyopita, akaulizwa namna ya kufanya. Akawaambia wasiandike majina. Majina yaliwaponza wao wa mgomo. Wagonge madole, wayazungushe, meneja ashindwe pa kuanzia. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na Mwanawetu akamwongezea chai. Hakukumbuka, na hilo ndilo lililokuwa likimla tangu Jumatano, kwamba mwaka juzi alimsindikiza huyo huyo Mwanawetu kusajili laini ya simu, na msichana wa pale mezani akajaribu vidole vyote kumi, akavipangusa kwa kitambaa, akajaribu tena, mashine ikakataa. Laini ikasajiliwa kwa jina la Zaidi. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma, yanakula ngozi, ngozi ikiota yanaila tena, hadi kidole kinabaki laini kama cha mtoto mchanga. Mwanawetu anayapunguza makali kwa jivu, lakini jivu si glavu. Miaka kumi na minne Zaidi analala kando ya mikono ile. Akasahau.

Kwenye benchi, wino ulikuwa umeshinda kesi, kwa hiyo mshtakiwa mpya alihitajika. Zamu hii aliyeshtaki alikuwa Mwinjuma, aliyewahi kuwa karani wa mizani kule kiwandani. Jina lake la kijiweni ni Kifungu. Hana neno lisilo na kifungu cha sheria, na kitabu chenyewe hakuna aliyewahi kukiona.

– Karatasi, alisema Mwinjuma. Kwa mujibu wa kifungu cha arobaini na moja, karatasi ya malalamiko lazima iwe nyeupe yenye mstari. Wao walitumia isiyo na mstari. Sasa dole litapata wapi mstari?

Ilichukua muda watu kuelewa kwamba hakuwa anatania. Haidari alisema kifungu hicho hicho cha arobaini na moja wiki iliyopita kilihusu mbuzi wanaokula mazao ya watu. Mwinjuma akajibu kuwa sheria ni pana.

– Nyie hamjui dunia imefika wapi, Haidari akaendelea. Kuna mashine siku hizi Dar. Unaipa barua, inafuta mistari ya madole, inakuachia wino. Akili bandia hiyo. Meneja kaenda na barua Jumatatu, karudi nayo Jumanne. Mie nililiona gari.

– Gari uliliona likienda gereji, alisema Mukesh. Lilikuwa linavutwa.

– Janja hiyo.

Mashaka kwa kawaida hasemi, anamimina. Lakini siku hiyo na yeye alikuwa na lake. Akasema kwa upole, akiwa anageuza makaa, kwamba kiwanda kile kimejengwa penye mji wa watu wengine wasioonekana. Mlinzi wa kwanza alilikimbia geti lile usiku wa pili. Sasa wenyeji wale wanatoza kodi, na kodi yao wanachukua vidoleni, kidogo kidogo, mistari yote ya mikono ya wanawake wa Kibiti imewekwa mahali kwenye kapu. Siku moja itapigwa mnada.

Mwinjuma alitaka kujua mnada huo ungesimamiwa na kifungu gani. Hapo Zaidi akachoka. Hakukasirika, alichoka tu, uchovu ule unaoanzia nyuma ya magoti. Akasema bila kuinua kichwa:

– Ni mafuta ya ganda. Hawana mistari. Yamekwisha.

Basi la Mtwara likapita, vumbi likatua kwenye kashata, Mashaka akafunika sahani kwa gazeti. Kila mmoja pale alikuwa na mama, au mke, au dada aliyepitia meza za kubangulia, na kila mmoja alikuwa ameshaiona mikono hiyo ikisonga ugali. Jibu lilikuwa dogo mno. Halikuwa na gari wala mashine wala kapu, na halikumpa mtu nafasi ya kusema zaidi. Kwa hiyo wakaliacha, wakahamia kwenye mgomo.

Mgomo ndio chakula cha benchi la Rufaa. Wameula miaka saba na haujaisha. Haidari alieleza tena alivyoegesha lori kwenye geti, mtu asiingie wala kutoka, ufunguo akaumeza. Ukweli ni kwamba lori liliharibika klachi pale getini, na mtu aliyelisukuma alikuwa Zaidi. Mwinjuma alieleza alivyosimama juu ya mizani akamsomea meneja sheria hadi meneja akaomba maji. Wakataja na orodha, karatasi ile yenye majina themanini na mawili, jinsi ilivyosomwa kwa sauti kubwa, jinsi msimu uliofuata watu tisa wa juu kwenye orodha hawakuitwa tena kazini. Hawakufukuzwa. Hawakuitwa tu, kwa kuwa asiye na mkataba hahitaji kufukuzwa. Mwinjuma alikuwa mmoja wao. Zaidi pia, na miaka miwili baadaye alirudishwa kwenye chumba cha kuchemshia baada ya kumuahidi meneja kwamba yale mambo yake ameyaacha. Ahadi hiyo alimwambia mkewe peke yake.

– Sisi tuliandika majina, Haidari alihitimisha. Majina kamili, na ya baba zetu. Hawa wa sasa wanaogopa.

Haidari jina lake halikuwemo kwenye orodha, maana dereva wa lori hakuwa mfanyakazi wa pale. Zaidi alilijua hilo kwa sababu orodha aliizungusha yeye. Aliona hata kumkosoa Haidari kunahitaji nguvu ambazo mtu anaweza kuzitumia kufua shati.

Ndipo Rukaiya akaja. Alivuka barabara taratibu, amejifunga khanga kiunoni, mkononi kashika karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule. Ni msichana wa miaka ishirini na sita hivi, anabangua meza moja na Mwanawetu, na Zaidi humwita shemeji. Mdomo anao, lakini siku hiyo alionekana hana hamu nao.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu. Karibu. Mashaka, mpe mtoto kahawa.

Kahawa aliikataa. Alibaki kasimama, akawaeleza kwa kifupi. Tangu atoke kazini amezunguka nyumba kumi na moja na ile karatasi. Ameipigia mistari na kuipa namba, moja hadi sitini na mbili. Hakuna aliyekataa kuandika. Wote wamesema jambo moja, nitaandika, ila nisiwe wa kwanza. Hata dada Mwanawetu, alisema, na hapo hakumtazama Zaidi. Akamwambia kila mmoja ampe tu mtu wa kuanzia, na kila mmoja akamtaja mwenzake, hadi akarudi mlango wa kwanza.

Mwinjuma alikwisha kukohoa kusafisha koo, kifungu kikiwa tayari. Rukaiya hakumsubiri.

– Sikuja kuomba ushauri, wazee wangu. Nina swali moja tu. Mwaka ule wa mgomo, jina la kwanza lilikuwa la nani?

Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la pili. Haidari alifungua mdomo, akatazama upande wa Zaidi, akaufunga. Redio ilizimika, na wote pale waliliona hilo likitokea.

– Ilikuwa kamati, alisema Mwinjuma.

– Kamati haishiki kalamu. Nauliza mtu.

– Sasa la nini, mwanangu? Mambo ya zamani.

– Nataka niende kwake nimuulize kilichompata. Kama ni kitu mtu anaweza kukivumilia, nitaandika mie.

Zaidi aliliona jina lile kama mwenye jina alivyoliandika kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, na namba moja mbele yake. Karatasi siku ile ilizunguka ukumbi mzima wa kubangulia, meza kwa meza, ikamrudia tupu. Wanaume walikuwa wakikazania kelele za getini. Akasimama katikati kama mjinga na karatasi yake, ndipo mwanamke mmoja wa meza ya dirishani akafuta mikono kwenye jivu akasema lete hiyo, tusichelewe, korosho zinapoa. Baada yake wakaandika watu wote kwa dakika ishirini.

– Zaitun, alisema Zaidi. Wa Mtunda.

– Yule mfupi? aliuliza Mwinjuma.

– Alikuwa mrefu.

Mwinjuma alikubali kwa kichwa, halafu akakitikisa, kisha akaacha vyote viwili.

– Na sasa yuko wapi? Rukaiya aliuliza.

Haidari alisema alisikia amehamia Mloka kwa kaka yake, analima huko na kufukuzana na tembo. Mwinjuma yeye alisikia amefariki, lakini akasema huenda ni Zaitun mwingine. Mukesh alikumbuka kuwa mara ya mwisho alikuja dukani kununua mafuta ya nazi ya mikono, akalipa, akaondoka, lakini ilikuwa msimu gani hajui. Mtunda kutoka hapo ni safari ya pikipiki, unakwenda na kurudi kahawa haijapoa sana. Miaka saba walikuwa wameula mgomo wa yule mwanamke, kila jioni, na kashata juu yake, na hakuna aliyewahi kupanda pikipiki kwenda kumwona.

Zaidi ndiye aliyeumia kuliko wote, na hakujidanganya kwa nini. Wenzake walisahau. Yeye alikumbuka siku zote, meza, dirisha, hata khanga aliyovaa, na bado hakwenda. Mwanzo alikuwa na aibu kwa kuwa aliyeahidi kwamba watu watalindwa ni yeye. Baadaye alipata kazi tena, aibu ikawa kubwa kushinda safari.

– Sijui, alisema. Hatujui.

Rukaiya alikaa kwenye benchi. Wanawake hawakai kwenye Rufaa, si kwa amri, ni mazoea tu, lakini Haidari alisogea bila kuambiwa. Akaiweka karatasi juu ya goti.

– Wewe ulikuwa wa ngapi, shemeji?

– Wa tisa.

– Na katibu ulikuwa wewe.

– Katibu nilikuwa mie. Nilijiandika wa tisa nikidhani wakifika hapo hawasomi tena. Sikumwambia mtu.

Aliyasema haya mbele ya benchi zima, na benchi halikucheka. Mwinjuma, aliyekuwa wa tatu na kwa miaka saba akajiona shujaa kwa hilo, alitazama barabara.

Rukaiya hakumlaumu. Alitoa kalamu kwenye fundo la khanga, akaishika kwa namna wanavyoshika wabanguaji, mbali na ncha za vidole, kwa sababu ncha zinauma. Akaandika jina lake mbele ya namba moja. Aliandika polepole, na jina la baba, na la babu, na meza yake. Halafu akamgeuzia Zaidi karatasi.

– Andika la pili, alisema. Namba ya sitini na tatu nitaiongeza chini. Si kwa ajili ya afisa kazi. Afisa kesho tutamwona. Mie nataka siku nyingine msichana akija kuuliza, awepo mtu mmoja aliyekuwa chini yangu pale, anajua la kwanza lilikuwa la nani na yuko wapi.

Mashaka aliinamisha birika kwenye kikombe cha Haidari, likatoa makapi. Akasema imekwisha. Hakuna aliyenyanyuka. Siku zote kahawa ikiisha watu hukumbuka wake zao.

Zaidi alifikiria chumba cha kuchemshia, na ahadi, na miaka ile miwili aliyokaa nyumbani akirekebisha mlango ambao haukuwa mbovu ili tu Mwanawetu akirudi asimkute amekaa. Aliogopa. Aliogopa sana, na alijua kesho jina la pili litasomwa kwa sauti ile ile iliyosoma lile la tisa. Lakini woga nao alikuwa ameuchoka, kama alivyochoka maneno ya Rufaa na harufu ya shati lake, na kwa mara ya kwanza uchovu ulimsukuma upande mwingine.

– Ukishaandika nampelekea dada, alisema Rukaiya. Kasema ataandika akiona la kwako.

Zaidi alichukua kalamu. Wino wa jina la Rukaiya ulikuwa haujakauka, kwa hiyo aliinua kiganja juu ya karatasi na kuandika chini yake taratibu, asije akalifuta.